Mbegu ya Jogoo Yaweza Kugandishwa, Lakini Mtetea Asisahauliwe

Biashara Street mjini Mombasa ni njia ya nguo. Hukatana na Digo Road karibu na soko la Mackinnon, ambalo wenyeji huliita Marikiti, na maduka ya leso yamepangana huko pande zote mbili. Moja katika hayo, la Kaderdina Hajee Essak, liliasisiwa mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" yajulikana pwani yote. Nje ya maduka hukaa mafundi wenye cherehani, wakipinda leso za wanunuzi. Ye yote ajuaye desturi ya njia ile hufahamu jambo moja: leso huuzwa kwa jozi. Upande mmoja ni wa kufunga kiunoni, na wa pili ni wa kujitanda. Atokaye na upande mmoja tu hakununua leso. Amenunua kipande cha nguo.

Jina la pili la leso ni kanga, na kanga ni ndege. Watu wengi husimulia kwamba nguo za kwanza za namna hiyo zilikuwa na madoa kama manyoya ya ndege huyo, ndipo zikapewa jina lake. Desturi ile ya jozi yafaa ikumbukwe na kila mfugaji, kwa sababu itamsaidia kufahamu habari ya ndege mwingine, yaani kuku. Kwa muda wa miaka zaidi ya 70 wataalamu wamejua namna ya kugandisha mbegu za jogoo, kuziweka kwa miaka mingi, kisha kuziamsha ili zizae vifaranga. Ni kazi ya ajabu, na faida yake ni kubwa. Lakini mfugaji akidhani kwamba kwa kuweka mbegu za jogoo ameweka kabila zima la kuku, atakuwa amekosea kama yule aliyetoka dukani na upande mmoja wa leso.

KUKU WALIOKUJA KWA BAHARI

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Mababu zake ni kuku wa mwituni wa Asia ya kusini na mashariki. Katika magofu ya miji ya kale ya pwani, kama vile Unguja Ukuu, wachimbuzi wamepata mifupa ya kuku yenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Kama zilivyokuja nguo, ndivyo alivyokuja kuku katika biashara ya bahari, naye akazoea jua, maradhi na chakula cha nchi hii.

Katika muda huo mrefu zimetokea namna nyingi za kuku. Yuko kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, na kwa hiyo hustahimili joto. Yuko kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja. Na yuko kuchi, mwenye miguu mirefu, shingo iliyosimama, mdomo mfupi uliopinda na upanga mdogo kichwani. Kuchi hupatikana Lamu na sehemu nyingine za pwani ya Kenya, na pia Tanzania. Jogoo wake hupita majogoo wengine wa kienyeji kwa kimo na uzito, na bei yake huwa juu kuliko yao. Wataalamu waliochunguza nasaba ya kuku wa Tanzania wameona kwamba kuchi ana undugu na Shamo, kuku wa Japani ajulikanaye kwa kupigana.

Mali hiyo iliyokusanywa kwa karne nyingi yaweza kupotea kwa muda mfupi, na kwa njia mbili hasa. Njia ya kwanza ni maradhi. Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, ulitambuliwa katika pwani ya Kenya mwaka 1935, na tangu hapo umeua kuku wasiohesabika. Ugonjwa huo ukiingia katika kijiji ambacho kuku wake hawakuchanjwa, huweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Ikiwa kijiji hicho ndicho chenye kuchi bora, basi hasara si ya nyama na mayai tu, bali ni ya mbegu pia.

Njia ya pili ni kuchanganya bila ya hesabu. Mwaka 1976 ulianzishwa nchini Kenya mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, kwa msaada wa Serikali ya Uholanzi. Katika mpango huo wakulima waliweza kubadilishana jogoo wao wa kienyeji kwa jogoo wa kabila la kigeni, ili vifaranga wakue upesi na mitetea watage zaidi. Nia ilikuwa njema, na kuku wa kigeni ana faida yake. Katika wingi wa mayai kuku wa kienyeji hamfikii. Walakini jogoo mmoja hupanda mitetea kumi. Msimu wa kwanza vifaranga wote wana nusu ya damu ya mgeni. Mitetea wao wakipandwa na mgeni mwingine, watoto wao wana robo tatu. Vizazi vitano vikipita hivyo, damu ya kienyeji iliyobaki ni kama sehemu tatu katika mia. Hakuna aliyechinja kabila lile. Limeyeyuka tu, kama chumvi katika maji.

Kwa sababu hizo mbili watu wenye busara waliuliza: je, haiwezekani kuweka akiba ya mbegu, kama mkulima awekavyo mahindi ya mbegu darini kabla ya kula mengine?

CHUPA ILIYOKOSEWA JINA

Jibu la swali hilo lilipatikana Uingereza, na lilipatikana kwa jogoo kabla ya kupatikana kwa fahali. Mabwana Christopher Polge na Alan Parkes pamoja na Bibi Audrey Smith walikuwa wakifanya kazi katika chuo cha uchunguzi wa tiba huko Mill Hill, London. Walitaka kugandisha mbegu za jogoo, lakini kila zilipogandishwa zilikufa. Wakajaribu kuzichanganya na maji ya sukari ya matunda, na hayo pia hayakuwafaa.

Baadaye walijaribu tena kwa maji yaliyokuwa yamewekwa akiba katika chumba cha baridi, wakiamini kuwa ni maji yale yale ya sukari. Safari hii mbegu nyingi ziliamka na kuogelea. Walishangaa, kwa maana sukari ile iliwahi kushindwa. Yalipobaki maji kidogo tu chupani waliyapeleka yapimwe, na ikaonekana kwamba ndani hamkuwa na sukari hata kidogo. Mlikuwa na gliserini, maji na ute kama wa yai. Majina ya chupa yalikuwa yamebadilishana katika chumba cha baridi. Gliserini ile ile iuzwayo katika maduka ya dawa ndiyo iliyozilinda mbegu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1951 Polge alitangaza kwamba vifaranga wameanguliwa kutokana na mbegu za jogoo zilizokuwa zimegandishwa.

Sababu ya kufaa kwa gliserini ni hii. Maji yanapoganda hufanya chembe zenye ncha kali, nazo hutoboa ngozi nyembamba ya mbegu. Tena, barafu inapotokea nje ya mbegu, chumvi iliyobaki huzidi ukali. Gliserini huingia kati ya maji na kuyazuia yasifanye chembe nyingi, na hupunguza ukali wa ile chumvi. Kwa hiyo mbegu hulala bila ya kufa.

NAMNA KAZI IFANYIKAVYO

Kwanza jogoo hutengwa na mitetea na kuzoezwa kushikwa. Mtu mmoja humshika kwa upole, na mwingine humpapasa mgongo kuelekea mkiani mpaka atoe manii. Njia hiyo ya kupapasa ilienezwa na Mabwana Burrows na Quinn wa Marekani katika miaka ya 1930, na yatumika hata leo. Manii ya jogoo ni machache sana kwa kipimo: robo au nusu ya mililita, yaani sehemu ya ishirini au ya kumi ya kijiko cha chai. Lakini katika tone hilo mna mbegu zaidi ya milioni mia nyingi.

Mtu akitaka kuzitumia siku ile ile, huzichanganya na maji yenye chumvi na sukari maalumu, kisha humtia mtetea kwa mrija mdogo. Kazi hiyo huitwa uhimilishaji. Hufanywa alasiri, kwa sababu asubuhi mtetea huwa na yai karibu ya kutagwa, na yai hilo huziba njia. Mtetea ana maumbile ambayo ng'ombe hana: katika njia yake ya uzazi mna vifuko vidogo sana vya kuhifadhi mbegu, naye aweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupandwa mara moja. Kwa hiyo, kwa mbegu mbichi, kumtia mara moja kwa wiki hutosha.

Akitaka kuzigandisha, mtaalamu hupoza mbegu polepole mpaka kama nyuzi 5 za Selsiasi, huongeza gliserini au dawa nyingine ya kulinda, huzitia katika mirija myembamba, na kuishusha mirija katika mvuke wa naitrojeni. Mwisho huitumbukiza katika naitrojeni yenyewe, ambayo ni hewa iliyofanywa maji kwa baridi kali, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo mbegu haizeeki. Yaweza kukaa miaka mingi kuliko umri wa jogoo, na hata kuliko umri wa mfugaji.

Yafaa ieleweke kwamba friji ya nyumbani au sanduku la barafu la duka la samaki haliwezi kazi hii. Baridi yake, ambayo ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, huua mbegu badala ya kuzihifadhi. Na chombo cha naitrojeni hakitaki uvivu. Maji yake hupungua kila siku kwa kugeuka hewa, na mwenye kusahau kuyajaza atakuta akiba yake yote imeharibika.

KWA NINI FAHALI ALIMPITA JOGOO

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa jambo hili lilianzia kwa jogoo, mbona fahali ndiye aliyepata sifa? Katika Kenya uhimilishaji wa ng'ombe ulianza mwaka 1935, na stesheni kuu ya kazi hiyo iliwekwa Kabete mwaka 1946. Tangu mwaka 2011 stesheni hiyo imekuwa kituo cha taifa cha rasilimali za nasaba za wanyama. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaifahamu sana mirija ya mbegu za fahali. Mirija ya mbegu za jogoo ni wachache waliopata kuiona.

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni umbo. Mbegu ya jogoo ni nyembamba kama uzi, ina mkia mrefu, na ndani yake hamna nafasi kubwa ya kuingiza dawa ya kulinda. Huvunjika upesi kuliko mbegu ya fahali.

Sababu ya pili ni gliserini yenyewe. Dawa hiyo iliyo rafiki wa mbegu ni adui wa mtetea. Ikiingia mwilini mwake hata kwa kiasi kidogo, humzuia kutaga mayai yenye uhai. Basi mbegu zikisha kuyeyushwa, hapana budi kuoshwa gliserini yote zikiwa bado katika baridi, tena kwa uangalifu mkubwa, ndipo zitiwe. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejaribu dawa nyingine zisizomdhuru mtetea namna hiyo, na baadhi yake zimefaa, lakini mafanikio hutofautiana sana baina ya kabila moja la kuku na jingine. Hata zikiamka vizuri, mbegu zilizogandishwa hazikai muda mrefu katika vile vifuko vya mtetea. Yapasa atiwe mara nyingi zaidi, na kwa mbegu nyingi zaidi.

Sababu ya tatu ni fedha. Manii ya fahali kwa mara moja hugawiwa ng'ombe mamia, na ndama mmoja ana thamani kubwa. Kifaranga mmoja hana thamani hiyo, na jogoo hai hula mtama kidogo tu. Kwa biashara ya kila siku, jogoo akiwa bandani ni rahisi kuliko jogoo akiwa barafuni. Faida ya kugandisha mbegu za jogoo haiko katika biashara ya kila siku. Iko katika kulinda makabila adimu yasipotee.

UPANDE WA PILI WA LESO

Hapo ndipo linapokuja jambo lililo zito kuliko yote. Kwa binadamu na ng'ombe, baba ndiye aamuaye kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Kwa kuku, mama ndiye aamuaye. Wataalamu huandika kwamba jogoo ana urithi wa Z mbili, na mtetea ana Z moja na W moja. Kila mbegu ya jogoo ina Z. W haimo kabisa katika mwili wake, hurithiwa na mtetea kutoka kwa mama yake tu. Vile vile viini vidogo viupavyo mwili nguvu, viitwavyo mitokondria, hutoka kwa mama.

Basi na tuseme kuchi wote wamekufa kwa kideri, ikabaki mirija ya mbegu zao huko barafuni. Mbegu hizo hutiwa mitetea wa kawaida. Vifaranga wa kwanza watakuwa kuchi kwa asilimia 50. Binti zao wakitiwa mbegu zile zile, watoto wao watakuwa kwa asilimia 75; kisha 87 na nusu; kisha karibu 94; na kizazi cha tano karibu 97. Kwa macho ya mnunuzi huyo ni kuchi. Lakini urithi ule wa W na mitokondria utakuwa wa mtetea wa kawaida, na utabaki hivyo hata vikipita vizazi ishirini. Urithi wa kuchi wa kike umepotea, na hakuna jogoo awezaye kuurudisha.

Tena, yai la kuku haliwezi kugandishwa kama mbegu, kwa sababu ya ukubwa wake na kiini chake kizito. Kwa miaka mingi wataalamu walikwama hapo. Njia iliyofunguka baadaye hupitia kwa kifaranga aliye bado ndani ya yai. Yai likisha kuatamiwa kwa siku mbili au tatu, katika damu ya kiumbe kile kichanga hupita chembe chache ambazo baadaye zingekuwa mbegu au mayai. Chembe hizo zaweza kutolewa, kuzidishwa na kugandishwa, za kike na za kiume pia. Mwaka 2019 wataalamu wa Roslin Institute ya Scotland walieleza jinsi walivyozitia chembe za makabila adimu katika mayai ya kuku waliofanywa wasiwe na uzazi wao wenyewe. Kuku hao walipokua, mayai waliyotaga hayakuwa yao. Yalikuwa ya makabila yale adimu. Elimu hiyo imefika Nairobi, ambako taasisi ya kimataifa ya uchunguzi wa mifugo, ILRI, imeshirikiana na Roslin katika kuhifadhi chembe za kuku wa kienyeji wa Afrika. Kwa njia hiyo jozi yaweza kuwekwa nzima.

WAJIBU WA MFUGAJI

Mfugaji wa Kisauni, Kilifi au Lamu hana naitrojeni wala mashine ya kuoshea mbegu. Hata hivyo ghala la kwanza la mbegu ni banda lake, na hilo halihitaji baridi. Yako mambo matano awezayo kuyafanya, na yote yako ndani ya uwezo wake.

La kwanza, asiuze wala kuchinja mitetea wote wa asili kwa sababu bei ya jogoo ndiyo kubwa. Mtetea wa kuchi ana urithi ambao jogoo hana.

La pili, akipenda kutumia jogoo wa kigeni, amweke katika ua wake mbali, na kundi la asili lipandwe na jogoo wa asili. Jogoo mmoja kwa mitetea kumi ni kiasi cha kufaa.

La tatu, abadilishane jogoo wa kabila hilo hilo na majirani wa mbali, ili binti asipandwe na baba yake mwaka baada ya mwaka. Damu ikijirudia sana, mayai hukosa uhai na vifaranga huwa dhaifu.

La nne, aandike daftari. Karani aliyezoea kuandika hesabu za ofisi hatashindwa kuandika siku ya kuangua, jina la mama, jina la baba, na idadi ya vifaranga waliopona. Wataalamu wakija kutafuta kuku wa kuwekea akiba, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno mengi.

La tano, achanje kuku wake wote dhidi ya kideri, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, kama atakavyoelekezwa na afisa wa mifugo. Chanjo ya matone machoni ni rahisi, na bei yake ni ndogo mno mbele ya thamani ya kundi zima.

Kugandisha mbegu ni elimu nzuri, na yastahili kuungwa mkono kila inapofanywa. Lakini akiba huwekwa kutokana na kilichopo. Chombo cha naitrojeni hakiwezi kuhifadhi kuku ambaye amekwisha kupotea vijijini, na mitetea wa kuchi walio hai leo ndio watakaoamua kama vitukuu watamwona kuchi mzima au watamwona nusu yake.